Fumbo la Hesabu: Wanafunzi Wote ni Wangapi?



Ukifika Ikola au Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, utamkuta mama anauza migebuka kwa mafungu. Hana kalamu wala karatasi. Mteja akichukua fungu la shilingi 2,000, na jingine la 3,000, na la tatu la 1,500, mama atamwambia palepale: "Elfu sita na mia tano, baba." Hakosei. Watu wengi wanaoingia darasa la kisomo wanajua kujumlisha tangu zamani. Wamejumlisha magunia, ng'ombe, siku za kibarua na madeni ya dukani.

Lakini mtu huyohuyo akienda kwenye mkutano wa kijiji, mambo hubadilika. Taarifa ya shule inasomwa. Namba zinatajwa haraka haraka, moja huku, nyingine kule, katikati ya maneno mengi. Mwishoni mwenyekiti anauliza: "Jamani, tumekubaliana?" Mikono inanyooshwa. Je, kuna aliyejumlisha?

Sokoni namba huja moja moja, na kila namba ina fungu lake mbele ya macho. Katika taarifa, namba zimefichwa ndani ya maneno. Hesabu ya namna hii huitwa fumbo. Katika somo hili tutafumbua mafumbo ya kujumlisha makundi ya wanafunzi.

TAARIFA YA SHULE

Tuchukue kijiji cha mfano. Kijiji hiki hakipo kwenye ramani, lakini taarifa kama hii unaweza kuisikia Kakese, Inyonga au Mishamo. Isome polepole, mara mbili.

"Shule yetu shikizi ina madarasa manne. Darasa la awali lina watoto 46. Darasa la kwanza lina wanafunzi 58. Darasa la pili limezidi darasa la kwanza kwa wanafunzi 9. Darasa la tatu lina wanafunzi 39. Wavulana wote ni 98, na wasichana wamezidi wavulana kwa 14. Tunaomba wazazi wakubaliane juu ya uji wa watoto wote wa shule."

Sasa tuseme wananchi watatu wamesikiliza taarifa hiyo. Kila mmoja amejumlisha.

Mzee aliyekaa mbele amejumlisha kila namba aliyoisikia:

46 + 58 + 9 + 39 + 98 + 14 = 264

Kijana aliyesimama mlangoni amejumlisha hivi:

58 + 9 + 39 = 106

Mama aliyekaa kwenye mkeka amepata 210.

Ukikagua kujumlisha kwa mzee, ni sahihi. Kujumlisha kwa kijana nako ni sahihi. Hakuna aliyekosea tarakimu hata moja. Hata hivyo ni mama peke yake aliyejibu fumbo. Mzee na kijana wamejumlisha vizuri namba zisizotakiwa.

Angalia matokeo yake. Wazazi wakifuata hesabu ya kijana, watapika uji wa vikombe 106. Watoto waliopo ni 210. Watoto 104 watakaa wakiwatazama wenzao wakinywa. Wakifuata hesabu ya mzee, watachanga unga wa watoto 54 wasiokuwapo, na hapo maneno yataanza: "Unga wetu umekwenda wapi?" Mwalimu ataonekana mwizi, na hakuiba.

Katika mkoa wetu wa Katavi jambo hili ni zito zaidi. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, ukitoka katika Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604 hapa Katavi. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Kwa miaka 10 tu watu wamezidi mara mbili. Familia zinahamia na ng'ombe wao, mashamba mapya yanafunguliwa, na watoto wanaingia shuleni hata katikati ya mwaka. Idadi ya wanafunzi uliyoisikia mwaka jana haikusaidii mwaka huu. Ni lazima kujumlisha upya.

NAMBA ILIYOFICHWA

Tuanze na sehemu ndogo. Chukua punje za mahindi. Usione haya kuhesabu kwa punje. Hata makarani wa zamani walikuwa na vijiti na mawe yao.

Fumbo linasema: Kikundi cha kwanza kina watu 5. Kikundi cha pili kina watu 3 zaidi ya kikundi cha kwanza. Je, vikundi vyote viwili vina watu wangapi?

Weka punje 5 upande wa kushoto. Hicho ni kikundi cha kwanza. Sasa weka kikundi cha pili upande wa kulia. Utaweka punje ngapi? Wengi huweka 3. Hapana. Fumbo halikusema kikundi cha pili kina watu 3. Limesema kina watu 3 zaidi ya kile cha kwanza. Maana yake kikundi cha pili kina watu kama wale 5, halafu kikaongezewa 3. Basi weka punje 5 kwanza, kisha ongeza 3. Kulia sasa kuna punje 8.

Je, 8 ndilo jibu? Bado. Hizo ni punje za kulia tu. Fumbo limeuliza vikundi vyote viwili. Changanya kushoto na kulia: 5 + 8 = 13. Hilo ndilo jibu.

Umejumlisha mara mbili. Mara ya kwanza ulitafuta namba iliyofichwa. Mara ya pili ulitafuta jumla. Katika fumbo la namna hii kujumlisha mara moja hakutoshi. Ukiona umemaliza upesi sana, rudi usome tena swali la mwisho: wanataka nini?

Sasa rudi kwenye taarifa ya shule. Darasa la kwanza lina wanafunzi 58, na la pili limezidi la kwanza kwa 9. Darasa la pili lina 58 + 9 = 67. Kijana wetu aliliandikia darasa zima wanafunzi 9. Wanafunzi 58 wa darasa la pili wakapotea mikononi mwake.

ANDIKA KILA KUNDI NA NAMBA YAKE

Mama alifanyaje? Alikuwa na daftari. Kabla hajajumlisha chochote, aliandika majina ya madarasa, moja chini ya jingine. Halafu mbele ya kila darasa akaandika idadi yake. Penye namba iliyofichwa, aliifumbua kwanza pembeni.

Awali: 46
La kwanza: 58
La pili: 67 (58 + 9)
La tatu: 39

Sasa hakuna maneno tena. Kuna mafungu manne, kama mafungu ya samaki. Anza na mamoja: 6 na 8 ni 14, na 7 ni 21, na 9 ni 30. Andika 0, beba 3 upeleke kwenye makumi. Makumi: 4 na 5 ni 9, na 6 ni 15, na 3 ni 18. Ongeza zile 3 ulizobeba, ni 21. Jumla ni 210.

Taarifa ilisema madarasa ni manne, na mama ameandika mistari minne. Kijana alikuwa na namba tatu tu. Angehesabu mistari yake angeona kwamba darasa moja limeachwa. Aliliacha darasa la awali, na sababu yake si ngumu kuiona. Taarifa ilisema "watoto 46", kisha ikasema "wanafunzi 58". Yeye alikuwa akitafuta neno wanafunzi. Lakini watoto wa awali nao ni wanafunzi wa shule ile, na fumbo limesema uji ni wa watoto wote wa shule. Hao ndio wadogo kuliko wote, wa miaka mitano mitano, na mara nyingi ndio wanaosahauliwa kwenye hesabu. Nao njaa huwauma mapema.

WATOTO WALEWALE WAMEHESABIWA MARA MBILI

Na mzee alikosea wapi? Yeye hakuacha mtu. Alizidisha.

Taarifa imewagawa wanafunzi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni madarasa. Njia ya pili ni wavulana na wasichana. Lakini watoto ni walewale. Msichana wa darasa la tatu yumo katika 39 za darasa la tatu, na yumo pia katika idadi ya wasichana. Ukijumlisha madarasa na kisha ukaongeza wavulana na wasichana, umemhesabu mara mbili. Ni kama kuhesabu ng'ombe zizini kwa rangi zao, halafu ukawahesabu tena kwa majike na madume, ukajumlisha hesabu zote mbili, ukafurahi kwamba zizi limejaa.

Kwa nini basi taarifa itaje wavulana na wasichana? Zipo sababu. Mojawapo ni vyoo. Mwongozo wa shule hapa nchini unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20, na tundu 1 kwa wavulana 25. Ukijua jumla ya wanafunzi peke yake, huwezi kujua matundu yanayotakiwa.

Tufumbue. Wavulana ni 98. Wasichana wamezidi wavulana kwa 14. Basi wasichana ni 98 + 14 = 112. Hesabu matundu ya wasichana kwa kuongeza 20 kila mara: 20, 40, 60, 80, 100. Hayo ni matundu 5, nao wasichana 12 bado hawana. Linatakiwa tundu la sita. Wavulana: 25, 50, 75, 100. Matundu 4 yanatosha. Jumla, 6 + 4 = 10. Mjumbe wa kamati ya shule akiulizwa mtaro wa choo uchimbwe wa matundu mangapi, ana jibu.

Tena kugawa kwa njia mbili kunatusaidia kukagua. Jumlisha wavulana na wasichana: 98 + 112 = 210. Jumlisha madarasa: 210. Njia mbili zimefika mahali pamoja. Kama zingetofautiana, ungejua kuna namba iliyoandikwa vibaya, ama kwako ama kwa aliyeandika taarifa. Mimi napenda ukaguzi huu kuliko ule wa kurudia kujumlisha namba zilezile, kwa sababu macho yakishakosea mara moja hukosea tena palepale.

MANENO MADOGO YENYE NGUVU

Katika mafumbo, namba huonekana upesi. Maneno madogo yaliyo kando yake ndiyo hupitwa. Nayo ndiyo yanayoamua namba ijumlishwe au isijumlishwe.

Angalia neno "wakiwemo". Wanafunzi 64, wakiwemo wasichana 35. Wote ni wangapi? Ni 64. Wasichana wamo ndani tayari. Maneno "kati yao" na "miongoni mwao" hufanya kazi ileile.

Sasa angalia hili: Wanafunzi 64, bila kuwahesabu watoto 12 wa awali. Hapa watoto wa awali wako nje. Ukitaka wote, ongeza: 64 + 12 = 76. Maneno "mbali na" na "ukiwaacha" nayo humweka mtu nje.

Maneno "pamoja na" yanataka uangalifu. Mwandishi mmoja akisema "wanafunzi 64 pamoja na walimu 3", ana maana watu 67. Mwandishi mwingine akisema "watu 64 pamoja na walimu 3", huenda walimu wamo, huenda hawamo. Hapo usibahatishe. Uliza.

Halafu kuna "kwa" na "hadi". Haya mawili yamepoteza watu wengi. Wanafunzi walikuwa 40, wakaongezeka kwa 15. Sasa ni 55. Lakini wanafunzi walikuwa 40, wakaongezeka hadi 55. Sasa ni 55 vilevile, wala hujumlishi kitu. Jumla umepewa tayari. Mtu asiyeangalia atachukua 40 na 55 na kupata 95.

Neno "kila" nalo ni zito. Vikundi 3 vya kisomo vina watu 14 kila kimoja. Basi ni 14 + 14 + 14 = 42. Ukiondoa neno "kila", vikundi 3 vina watu 14, na hao ni 14 tu kwa vikundi vyote. Neno moja limeleta tofauti ya watu 28. Maneno "mara mbili ya" yana maana ya kujumlisha namba na yenyewe: mara mbili ya 14 ni 14 + 14.

Neno "pungufu" sitaligusa hapa, maana hilo linataka kutoa, nasi leo tunajumlisha tu.

WAGENI WANAPOINGIA

Turudi kwenye shule yetu. Januari ilifunguliwa na wanafunzi 210. Mwezi wa Februari waliandikishwa wanafunzi 17 waliohamia na wazazi wao. Mwezi wa Machi waliandikishwa 8 zaidi ya wale wa Februari. Hakuna aliyeondoka. Je, mwisho wa Machi shule ina wanafunzi wangapi?

Usikimbilie 210 + 17 + 8. Nane si wanafunzi wa Machi. Walioandikishwa Machi ni 17 + 8 = 25. Sasa jumlisha:

Walioanza: 210
Februari: 17
Machi: 25
Jumla: 252

Aliyefanya haraka atapata 235. Atakuwa amepoteza wanafunzi 17. Hao nao wanataka madawati na vitabu. Tena fedha za ruzuku ya uendeshaji ambazo serikali hupeleka shuleni hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi. Mtoto asiyeingia kwenye jumla anakula fungu la wenzake, au hali kabisa.

Kama fumbo lingesema wengine waliondoka, ungeongeza kwanza wote walioingia, kisha ungewatoa waliohama. Kwa wafugaji na wakulima wanaohama, rejista nzuri huandika wanaoingia na wanaotoka.

MAJINA 41, WATU WANGAPI?

Hili ni fumbo gumu kidogo. Likikushinda leo, lirudie kesho.

Katika kijiji chetu cha mfano kuna kikundi cha kusoma chenye watu 23. Kuna pia kikundi cha kujifunza ufugaji wa nyuki chenye watu 18. Vikundi vyote viwili vinaitwa kwenye semina ya siku moja, na kila mtu atapewa daftari moja. Yanatakiwa madaftari mangapi?

Mtu atasema 23 + 18 = 41. Lakini hapa Mlele na vijiji vya jirani, penye asali nyingi, unajua mambo yalivyo: mtu anayepanda mzinga mchana ndiye anayekuja kusoma jioni. Ukichukua orodha mbili ukazisoma jina kwa jina, unakuta watu 6 wamo katika orodha zote mbili. Majina ni 41, lakini watu si 41.

Wagawe upya, kila mtu mahali pamoja tu:

Wanaosoma tu: 17
Wanaofuga nyuki tu: 12
Wanaofanya yote mawili: 6
Jumla: 35

Kagua: wanaosoma tu 17 na wale 6 ni 23, kama orodha ya kwanza. Wanaofuga nyuki tu 12 na wale 6 ni 18, kama orodha ya pili. Vizuri. Yanatakiwa madaftari 35. Kabla ya kujumlisha vikundi viwili vya watu wazima, jiulize kama kuna mtu aliyemo katika vyote viwili. Kwa madarasa ya shule huna haja ya kuuliza, maana mtoto hawezi kuwa darasa la kwanza na la tatu kwa wakati mmoja.

KUTOKA KIKUNDI HADI TAIFA

Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya nchini kote. Watu walikutana kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu chao na kujadili. Kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Walioshiriki walikadiriwa kufika karibu milioni 2. Hakuna mtu aliyesimama mahali pamoja akawahesabu watu milioni 2. Hesabu kubwa kama hiyo hujengwa kutoka kwenye madaftari madogo.

Hata leo ni hivyo. Wanakisomo wa MUKEJA na watoto wa MEMKWA huhesabiwa kwanza darasani, kisha kijijini, kisha kwenye kata, kisha wilayani. Kila ngazi inajumlisha ilichopewa na ngazi ya chini. Tuone kata moja ya mfano yenye vijiji vitatu.

Kijiji cha kwanza kina vikundi vya watu 24, 19 na 22. Jumla ni 65.
Kijiji cha pili kina vikundi vya watu 31 na 27. Jumla ni 58.
Kijiji cha tatu kina vikundi vya watu 18, 20 na 25. Jumla ni 63.
Kata nzima: 65 + 58 + 63 = 186.

Ungeweza kuzipanga namba zote nane na kuzijumlisha mara moja. Jibu lingekuwa lilelile. Lakini kosa likitokea kwenye safu ndefu, hujui liko wapi. Ukijumlisha kijiji kwa kijiji, afisa elimu kata akiona 58 haifanani na alivyoona mwenyewe, anarudi kwenye kijiji cha pili peke yake. Vijiji vingine anaviacha vipumzike.

Kumbuka pia kwamba kata haiwezi kukisahihisha kikundi. Kama kiongozi wa kikundi ameandika 31 na waliokuwapo ni 21, kosa hilo la watu 10 litapanda kijijini, katani, wilayani hadi mkoani, likiwa limevaa nguo safi. Anayeweza kulizuia ni yule anayejua nani alikaa kwenye benchi lipi.

JARIBU MWENYEWE

Chukua daftari. Andika kila kundi na namba yake kabla ya kujumlisha. Usiangalie majibu kwanza.

Fumbo la 1. Wanafunzi wanakwenda Sitalike kuona viboko katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kundi la kwanza lina wanafunzi 27. Kundi la pili lina wanafunzi 6 zaidi ya kundi la kwanza. Wanafuatana na walimu 4, wakiwemo wanawake 2. Je, safari nzima ina watu wangapi?

Fumbo la 2. Mwezi wa Juni darasa la kisomo lilikuwa na watu 34. Julai, watu walipomaliza kuuza tumbaku, waliongezeka hadi 48. Agosti waliongezeka kwa 7. Septemba waliongezeka kwa mara mbili ya walioongezeka Agosti. Je, Septemba darasa lina watu wangapi?

Fumbo la 3. Shule ina mikondo mitatu ya darasa la kwanza. Mkondo A una wanafunzi 51. Mkondo B umezidi mkondo A kwa wanafunzi 4. Mkondo C umezidi mkondo B kidogo. Je, darasa la kwanza lina wanafunzi wangapi?

Majibu.

Fumbo la 1. Kundi la pili ni 27 + 6 = 33. Safari nzima ni 27 + 33 + 4 = 64. Walimu wanawake wamo katika wale 4.

Fumbo la 2. Neno "hadi" limetupa jumla ya Julai, yaani 48. Namba 34 haihitajiki tena. Septemba waliongezeka 7 + 7 = 14. Jumla ni 48 + 7 + 14 = 69.

Fumbo la 3. Mkondo B ni 51 + 4 = 55. Mikondo A na B ni 51 + 55 = 106. Mkondo C haujulikani, kwa sababu "kidogo" si namba. Ukisomewa taarifa kama hii mkutanoni, usinyooshe mkono wa kukubali. Nyoosha mkono wa kuuliza: "Mwalimu, kidogo ni wangapi? Tunaomba utusomee daftari la mahudhurio la mkondo C."